Taa ya mama, na ile programu yangu

Leo sina programu ya kupakua wala ujanja wowote wa Linux. Nataka kuwasimulia habari ya taa. Ndiyo, taa ya ukutani.

Mwezi wa Februari mama alikuja kukaa kwangu Nairobi baada ya upasuaji wa goti. Mimi naishi bedsita: kitanda, meza, na jiko nyuma ya pazia. Kazi yangu naifanya usiku kwa sababu wanaonilipa wako Marekani, na asubuhi yao ndiyo jioni yetu. Kwa hivyo nikiandika kodi, balbu ya darini inammulika mama usoni. Hakulalamika hata siku moja. Alijifunika uso kwa leso akalala hivyo hivyo, na hilo ndilo lililoniaibisha.

Sasa mtu aliyesoma sayansi ya kompyuta miaka minne atafanya nini? Ataandika programu, bila shaka! Nikanunua utepe wa taa za LED na kile kidude cha ESP8266 kinachoshika wifi, nikaunganisha na simu yangu. Kwa wasiojua, LED hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa mara mamia kwa sekunde. Jicho haliwezi kufuata mbio hizo, kwa hivyo linaona mwanga hafifu tu. Nilifurahi sana. Nikaing'oa na swichi ya ukutani, nikaziba shimo kwa plasta. Ya nini, na simu ninayo?

Kasoro ya kwanza niliiona usiku ule ule. Nikishusha mwanga hadi asilimia 10, ni asilimia 10 kwa mama na asilimia 10 mezani kwangu pia. Yeye bado anajifunika leso, nami sioni daftari langu. Nikaongeza vitufe zaidi kwenye programu. (Msicheke, nyote mnafanya hivyo.)

Kasoro ya pili ilikuja wiki ya tatu. Stima ilipotea ikarudi, nami nilikuwa nimeteremka dukani kununua maziwa. Ruta ikachelewa kuwaka, kidude kikajaribu kuingia kwenye mtandao kikashindwa, kikakaa kimya. Nilikuwa sijaandika kitakachotokea mtandao ukikosekana. Mama akaamka kwenda msalani, akapapasa ukutani akitafuta swichi. Hakuna. Akajikwaa kwenye stuli yangu akaanguka kwa goti lile lile.

Tulirudi hospitalini. Nyuzi hazikuachia, ila alirudishiwa magongo kwa wiki mbili zaidi. Hakunigombeza. Kwenye teksi aliniuliza tu, "Baba, ile swichi uliipeleka wapi?"

Siku chache baadaye nilikuwa nikitafuta jinsi watu wanavyopanga vyumba vidogo, ndipo nikakutana na Charlotte Perriand. Huyu alikuwa mbunifu Mfaransa, aliyezaliwa Paris mwaka 1903 akafariki mwaka 1999. Alianza kufanya kazi na Le Corbusier mwaka 1927. Katika miaka ya 1960 akaingia kazi ya Les Arcs, mji wa watalii wa theluji katika milima ya Alps, ambako familia nzima ilipaswa kutosha katika chumba kidogo. Huko baadhi ya bafu zilitengenezwa kiwandani zikiwa nzima, zikaletwa na kupachikwa. Nilimwelewa mara moja. Huyu mama angeijua bedsita yangu.

Taa yake inaitwa Applique à Volet Pivotant. Volet ni ule ubao wa kufunika dirisha. Balbu imekaa ukutani, na mbele yake kuna kipande cha bati kilichokunjwa ambacho unakizungusha kwa mkono. Ukikigeuza huku, mwanga unaosha ukuta. Ukikigeuza kule, unashuka mezani. Basi. Balbu inawaka vile vile saa zote. Mimi nilikuwa nimehangaika na mwanga uwe kiasi gani, yeye aliuliza uende wapi.

Taa hiyo bado inatengenezwa Ulaya na bei yake ni mamia ya yuro, kwa hivyo nilichora yangu nikaenda Kamukunji kwa mafundi wa bati. Fundi aliutazama mchoro, akauliza kama ni mtego wa panya. Lakini aliikunja vizuri kuliko nilivyochora. Toleo la kwanza lilikuwa legevu, bati likawa linashuka lenyewe polepole; tukaweka mpira wa tyubu ya baiskeli katikati ya skrubu na sasa linakaa unapoliacha. Ndani nilipaka rangi nyeupe.

Ukitaka kuiga, tumia balbu ya LED. Balbu za zamani za waya hugeuza sehemu kubwa ya stima kuwa joto, na bati litakuunguza vidole. Pia bati lifungwe ule waya wa kijani na manjano unaopeleka stima ardhini. Kama hujui, mwite fundi wa stima. Mimi nilimwita, na yeye ndiye aliyerudisha swichi yangu, akicheka.

Usiku wa kwanza mwanga ulitua mezani kwangu na upande wa kitanda ukabaki giza. Mama hakuchukua leso. Nilipomaliza kazi saa tisa nikalala. Asubuhi nilikuta bati limegeuzwa kuelekea mlango wa msalani. Aliamka, akajipangia njia yake, na mimi sikusikia lolote.

Aliondoka mwezi wa Juni, anatembea bila gongo. Taa ameenda nayo ndani ya kikapu, imefungwa kwa ile leso. Jumamosi narudi Kamukunji.