Panya, Dadu na Mji wa Nafasi 15

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama bado nipo. Nipo. Nimekuwa nikijenga mji. Si mji wa mawe na simiti bali wa kadi, na ninaujenga mezani nikiwa peke yangu, nikishindana na panya ambaye hayupo. Leo nataka kuwaeleza mchezo huu ni upi, kwa nini mtu anayeshinda kutwa mbele ya tarakilishi anaona raha kuucheza, na jinsi ulivyoingilia kazi yangu hadi malipo yangu yakachelewa mwezi mzima.

Mchezo unaitwa Everdell. Ulitungwa na James A. Wilson, ukachorwa na Andrew Bosley, na ulitoka mwaka 2018. Rafiki yangu mmoja aliniletea alipokuwa akirudi likizo kutoka ng'ambo, maana ni sanduku zito na sijaliona dukani huku kwetu. Ndani mna ubao, kadi 128 na mti wa karatasi ngumu unaosimama mezani kama mti kweli. Bonde la Everdell limejaa wanyama wadogo: kindi, kobe, kalunguyeye na wenzao. Kazi yako ni kuwajengea mji.

Sheria nitazipitia kwa ufupi. Kuna mali ya aina nne: vijiti, utomvu, kokoto na matunda. Unaanza na wafanyakazi 2, na mwaka wa mchezo ukiisha unakuwa nao 6. Unawatuma kuleta mali, kisha kwa mali hiyo unalipia kadi. Kadi nyingine ni majengo, nyingine ni wakazi. Shamba, kwa mfano, ni vijiti 2 na utomvu 1, nalo hukupa tunda 1. Kila jengo lina mkazi wake: ukishajenga mnara wa saa, mwanahistoria anahamia bila wewe kulipa chochote, na tangu hapo kila ukiongeza kadi mjini yeye anakupa kadi moja mkononi. Ukiwa mtu wa programu utaelewa mara moja utamu wake. Kitu kimoja kinaamsha kingine, nacho kinaamsha cha tatu.

Lakini mji una nafasi 15 tu. Ukiacha kadi chache zenye kanuni zao, hakuna nafasi ya 16. Kila unachokiweka kinafukuza kitu kingine ambacho ungekiweka. Hapo ndipo kichwa kinapoanza kuuma, kwa namna nzuri.

Sasa, michezo tuliyokua nayo haikubali upweke. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na bila mtu wa kukaa upande wa pili hizo ni mbegu tu. Drafti za vizibo vya soda vilevile. Watu wa Everdell walilitatua hilo kwa kumtunga panya mkorofi anayeitwa Rugwort. Ukiwa peke yako, yeye ndiye mpinzani.

Rugwort hana akili hata chembe. Katikati ya ubao kuna kadi 8 zimelazwa wazi, na wewe unaweza kujenga kutoka kwenye hizo au kutoka mkononi. Kila ukijenga kadi moja, unarusha dadu lenye pande 8. Likitoka 3, kadi ya tatu inakwenda kwa panya. Halipi vijiti wala matunda. Mji wake hauna kikomo cha nafasi 15. Hapangi, hafikiri, hakuoni. Kuna na wafanyakazi wake wanaokuzibia baadhi ya sehemu za kuletea mali, lakini kiini chake ni hilo dadu. Kama ningemwandika kwenye tarakilishi, angetosha mistari michache.

Na bado ananishinda! Mchezo una miaka mitatu ya kupambana naye, kila mwaka mgumu kuliko uliotangulia. Wa kwanza nimeushinda mara nyingi, wa pili mara chache, na wa tatu bado ananichapa.

Nilikaa nikajiuliza kitu kisicho na akili kinamshindaje mtu mwenye digrii ya sayansi ya tarakilishi. Jibu ni hesabu ya shule. Tuseme mwanahistoria yuko nafasi ya sita, nami naamua kujenga vingine kwanza halafu nimrudie. Kila nikijenga, uwezekano wa yeye kubaki pale ni 7 kwa 8. Nikijenga kadi 2 kabla yake, uwezekano wa kumkuta ni kama asilimia 77. Nikijenga 5, ni karibu asilimia 51, yaani nusu kwa nusu. Panya hanilengi mimi. Anapiga popote, na mipango yangu ndiyo iliyosimama njiani. Mpinzani mwerevu ungeweza kumsoma, ukajua anachokitaka na kukilinda. Dadu halitaki kitu, kwa hiyo unalazimika kuulinda mji wote.

Wenzangu wa programu wameshaanza kutabasamu, maana hii ni hadithi ya zamani katika fani yetu. Mwaka 1988 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Barton Miller, alikuwa ameunganisha tarakilishi yake na ya chuoni kupitia laini ya simu usiku wa mvua ya radi. Radi ikawa inaingiza herufi za ovyo kwenye laini, na programu alizokuwa akizitumia zikawa zinakufa. Hakushangaa kwamba laini ilichafuka. Alishangaa kwamba programu zilizotumiwa na watu wengi kila siku zilikufa kwa uchafu mdogo namna ile. Akawapa wanafunzi wake kazi: andikeni programu inayomwaga herufi za kubahatisha ndani ya programu nyingine, mwone kitakachotokea. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Walijaribu karibu programu 90 za Unix na kuziangusha zaidi ya asilimia 24. Mbinu hiyo huitwa fazi, na hadi leo inatumika kutafuta kasoro. Kwa maneno yangu, Miller alimfungulia mlango Rugwort.

Turudi mezani. Mwezi wa Agosti mama alikuja kunitembelea kutoka Nyandarua. Jioni moja stima zikapotea, nikawasha taa ya sola, nikatandaza mji wangu. Mama alinitazama kwa muda mrefu bila neno. Mwishowe akauliza:

"Hizo za upande ule ni za nani?"

"Ni za panya, mama."

"Na dadu ni wewe unamrushia?"

"Ni mimi. Hayupo."

Nikarusha. Likatoka 6. Mwanahistoria wangu akaenda zake. Mama akacheka, akasema, "Si urushe tena? Nani anakuona?"

Nikamweleza kwamba nikirusha tena basi hakuna mchezo, ni kupanga picha nzuri za wanyama tu. Akanyamaza kidogo. Mama ameuza maziwa tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kila asubuhi ametembea na mkebe wake hadi kituoni, akasimama kwenye foleni, akamwona karani akisoma mizani na kuandika. Akaniambia, "Kumbe wewe ndiye mwenye mizani hapa." Kisha akaenda kulala.

Neno hilo lilinikaa, kwa sababu wakati ule kazi niliyokuwa nayo ilikuwa ya mizani hasa. Chama kimoja cha wakulima wa maziwa, si kile cha mama, kilikuwa kimeniajiri kwa mkataba niwatengenezee programu ya simu. Karani anapima, anaingiza kilo, na mwisho wa mwezi programu inatoa hesabu ya kila mkulima. Nilikuwa naiandika peke yangu. Hakuna mwenzangu aliyesoma msimbo wangu. Kamati ilitaka kuona kioo kinang'aa na vibonye vinafanya kazi, na vilifanya kazi. Tarehe ya kuizindua ilikuwa imeshapangwa, na sehemu ya mwisho ya malipo yangu ilikuwa inangoja siku hiyo.

Ila dadu lilikuwa bado halijarushwa. Kesho yake nikaandika panya. Ni programu ndogo inayojifanya makarani: inabahatisha namba ya mkulima, inabahatisha kilo, inakata mtandao katikati na kuurudisha, inatuma rekodi moja mara mbili, na kadhalika kwa maelfu ya mara. Nikaipa sheria moja tu ya kuangalia: jumla ya kilo zilizopita kwenye mizani lazima ilingane na jumla ya kilo zilizo kwenye hati za malipo. Mambo ya mtandao yalipita salama. Jumla hazikulingana hata mara moja. Kila duru, upande wa malipo ulikuwa pungufu.

Sababu ilikuwa kwenye maelezo niliyopewa na kamati, na nilikuwa nimeyafuata neno kwa neno: kilo ziandikwe bila desimali, kama ilivyo kwenye daftari. Binadamu akijaribu programu kwa mkono huandika kilo 5, kilo 10, kilo 20, na hapo hesabu inalingana vizuri. Panya hapendi namba nzuri. Aliandika 6.4, aliandika 13.7. Chukueni mfano wa mkulima anayeleta kilo 6.4 kila asubuhi. Daftari linamwandikia 6. Kwa siku 30 amepoteza kilo 12. Kilo ikiwa shilingi 45, hiyo ni shilingi 540. Wakulima 300 wa namna hiyo ni shilingi 162,000 kwa mwezi. Kwenye daftari ungeweza kusema ni uvivu wa kalamu. Kwenye programu ingekuwa sheria, na jina langu liko chini yake.

Nilipeleka hesabu hizo kwa kamati. Haikuwa rahisi. Mmoja aliniuliza ni nani aliyenituma kuchunguza, na mwingine akasema wakulima wenyewe hawajawahi kulalamika. Nikawafungulia ule mfano wa kilo 6.4 mbele yao, nikawaachia karatasi, nikatoka nje wajadiliane. Yalichukua mikutano mitatu. Uzinduzi ukasogezwa mwezi mmoja, na malipo yangu pamoja nao. Mwezi ule nilimwomba mwenye nyumba anisubiri. Lakini desimali zimo. Leo mkulima wa kilo 6.4 anaandikiwa 6.4, na ujumbe unamfikia kwenye simu kabla hajaondoka na mkebe wake.

Sisemi kwamba mchezo wa wanyama uliwarudishia watu maziwa yao. Ninachosema ni kwamba anayefanya kazi peke yake anahitaji mpinzani, na mpinzani huyo hana faida kama wewe unamrushia dadu huku umelifunika kwa kiganja. Everdell wa mtu mmoja ni mazoezi ya jambo hilo hilo: saa nzima unampa adui yako haki yake, kadi baada ya kadi, hata anapochukua ile uliyoitaka. Ukimaliza umeshinda kwa alama 2, unajua umeshinda.

Kwa mnaotaka kujaribu: kama huna rafiki wa ng'ambo, chukua karata za kawaida, laza 8 wazi, jitungie kanuni ya kukusanya jozi au familia, na kila ukichukua moja, bahatisha namba kati ya 1 na 8 na umpe panya ya kwake. Na kama unaandika programu, mwandikie panya wake leo, kabla hujamwonyesha yeyote. Mpe sheria moja ya kulinda, uende ukanywe chai, urudi uone alichoiba.

Haya, natandaza meza. Mwaka wa tatu unaningoja. Mkiwa na mbinu za kumshinda Rugwort, niandikieni. Tuonane wiki ijayo.