Nguvu ya Motokaa Hutoka Wapi? Safari Yetu ya Nairobi na Naivasha

Ninyi mnaokaa chini ya Mlima Kilimanjaro mnazijua barabara zetu. Toka mjini Moshi hata parokiani kwetu ni kupanda tu, na aendaye kwa miguu hufika anahema kama mvukuto wa mhunzi. Katika barabara hiyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, huchukua abiria kwa motokaa ndogo ya Toyota, yenye injini ya sentimita za ujazo 1,500. Alipoinunua ilipanda vizuri. Baada ya miaka mitatu ikaanza kuchoka, hata kwenye mlima mkali abiria wawili walilazimika kushuka na kutembea, na nauli wamekwisha lipa.

Mwezi wa Mei 2023 kijana alinijia ofisini, nami naandika vyeti vya ubatizo. Akasema, "Mjomba, nimepata dawa. Kuna mtu mjini anauza tabo iliyotolewa katika motokaa nyingine. Nikiifunga, injini itapata nguvu nusu tena ya ile iliyo nayo. Nitauza ng'ombe wawili wa mama, na kitakachopungua nakuomba unikopeshe."

Sikumjibu upesi. Mimi ndimi mwandishi wa madaftari ya parokia. Daftari la ubatizo naliandika kwa furaha, lakini daftari la marehemu nalo limo katika kabati lile lile, na yamo majina niliyoyaandika kwa sababu ya motokaa iliyokosa breki katika mteremko wetu. Tena ng'ombe wale ndio waliokuwa wakimsomesha mdogo wake. Nikamwambia, "Mwanangu, ng'ombe akiuzwa harudi zizini. Kwanza tumwulize anayejua."

Nairobi yuko mzee wa kijiji chetu, fundi wa motokaa kwa muda wa miaka zaidi ya 30. Basi mwezi wa Juni tukaondoka alfajiri na motokaa ile ile, ili mzee aione kwa macho yake.

Safari ni karibu kilomita 350. Tulipita Arusha, tukauacha Mlima Meru nyuma, tukashika nyika ya Longido penye ng'ombe wa Wamasai na vumbi jekundu. Namanga tulimaliza mambo ya forodha, kisha Kajiado, kisha Athi River, hata majumba marefu ya Nairobi yakaonekana. Mpwa wangu alikuwa akilalamika njia nzima: "Ona, Mjomba, hata hapa pasipo mlima mkubwa inalemewa."

Mzee tulimkuta Kirinyaga Road, barabara iliyoitwa zamani Grogan Road. Mtu asiyepata kufika pale ni vigumu kumweleza. Pande zote mbili ni maduka ya vipuri na karakana. Hapa wanagonga bati, pale wanachomelea chuma, na injini zimepangwa chini kama vyungu sokoni. Mzee alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akatusalimu kwa lugha ya nyumbani, akauliza habari za mvua na za kahawa. Ndipo akamsikiliza kijana hata mwisho bila kumkatiza.

Alipokwisha, akauliza, "Injini hula nini?"

"Petroli, Mzee."

"Hula petroli kidogo na hewa nyingi. Kilo moja ya petroli yataka karibu kilo 15 za hewa ili iungue vema. Kuongeza petroli ni kazi nyepesi; kazi ngumu ni kuongeza hewa. Kila mtu anayetafuta nguvu katika injini anatafuta njia ya kuivutisha pumzi zaidi." Akatueleza kuwa Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hapo mgandamizo wa hewa umepungua karibu sehemu moja ya tano kuliko pwani. Kwa hiyo motokaa isiyo na tabo, ikitoka Mombasa kuja Nairobi, hupungukiwa na nguvu ingawa haina ugonjwa wowote. Nikatazama usoni mwa mpwa wangu, naye akatazama chini. Sehemu ya malalamiko yake ya njiani ilikuwa imepata jibu.

Kisha mzee akataja njia zenyewe. Ya kwanza ni kupanua matundu ambamo hewa huingia na moshi hutoka, ili injini isijikabe koo. Ya pili ni kubadili kamshafti, yaani ule mhimili unaofungua valvu, ili valvu zikae wazi muda mrefu zaidi. Injini hiyo hupata nguvu ikizunguka kwa kasi kubwa, lakini katika mwendo wa polepole huwa dhaifu. Haimfai mwenye kupanda mlima na abiria watano. Ya tatu ni kuongeza ukubwa wa silinda. Ya nne ni hiyo tabo, ambayo asili yake ni ya Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Moshi wa injini, badala ya kupotea bure, huzungusha pangaboi dogo. Mhimili wake huzungusha pangaboi la pili, nalo husukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu. Mapangaboi hayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja.

"Basi ni kitu chema," akasema mpwa wangu.

"Ni kitu chema sana, kikiwekwa mahali palipotengenezwa kwa ajili yake. Injini yako haikutengenezwa kwa tabo. Pistoni yake hukandamiza hewa hata ikabaki katika nafasi ndogo mara kumi na nusu kuliko ile ya kwanza. Ukiisukumia hewa nyingine juu ya hiyo, joto huzidi, na petroli huwaka yenyewe kabla haijaamriwa na plagi. Utasikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo." Akainama chini ya meza, akatoa pistoni yenye tundu katikati, kidole gumba changu kikapita. "Mwenyewe aliendesha siku kumi na moja," akasema mzee.

Hakuwalaumu vijana wote wa Nairobi wanaopenda mambo hayo. Alituonyesha Subaru moja iliyokuwa ikitengenezwa, akasema mwenye nayo amefanya kazi kwa akili. Ameweka pistoni ngumu za kufuliwa, rejeta kubwa, klachi nzito na breki pana, na kompyuta ndogo ya injini imepangwa upya ili ipime petroli sawasawa. Lakini gharama yake imekwisha pita bei ya motokaa yenyewe, na mtu huyo hachukui abiria.

"Na breki, je?" nikauliza, maana hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu.

Mzee akachora mistari miwili kwa chaki sakafuni, mmoja mfupi na mmoja mrefu mara nne. "Ukienda mbio mara mbili, breki zahitaji nafasi mara nne ili zikusimamishe. Anayeongeza nguvu na asiongeze breki amekopa deni, na deni hilo litalipwa na walioketi nyuma."

Kisha akafungua boneti ya motokaa yetu. Alitoa kichujio cha hewa, akakipigapiga, na vumbi la nyika likatoka kama unga. Alipima mgandamizo wa kila silinda. Tatu zilikaribiana, ya nne ilikuwa chini sana. Akamimina mafuta ya injini, kijiko kimoja tu, ndani ya silinda ile, akapima tena. "Kama ugonjwa ungekuwa wa ringi za pistoni," akasema, "mafuta yangeziba na kipimo kingepanda. Hakikupanda. Valvu haifungi vizuri. Mwanangu, wewe unataka kununua nguvu mpya, na ile uliyo nayo inavujia hapa. Niachie siku tatu."

Siku tatu hizo zilikuwa siku za mashindano ya Safari Rally, nasi tukaona si vibaya kwenda Naivasha, karibu kilomita 90 toka Nairobi. Tulipanda matatu. Baada ya Limuru nchi hukatika ghafula, na Bonde la Ufa hulala chini yako, na Mlima Longonot umesimama katikati na kinywa chake wazi. Barabara ya zamani huteremka ubavuni mwa ukuta ule. Malori yalikuwa yakishuka kwa gia nzito, na harufu ya breki zilizopata moto iliingia madirishani. Chini ya mteremko, kando ya barabara, liko kanisa dogo sana, lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia mwaka 1942, walipokuwa wakiitengeneza barabara ile. Wasafiri wengi huliita kanisa lao. Hatukusimama, lakini nilivua kofia, na mama mmoja mbele yetu akafanya ishara ya msalaba. Mbele kidogo ndipo Mai Mahiu, jina ambalo kwa Kikikuyu maana yake ni maji ya moto.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na motokaa zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Siku zile zilikuwa karibu sawa na zile zinazouzwa dukani. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, na 7 tu zilifika. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo iliyokwisha tumika. Na sisi Watanzania tusisahau: mwaka 1966 na 1967 dereva wa kwetu Bert Shankland, akiwa na Chris Rothwell, alishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404. Motokaa ya namna hiyo, ilivyotoka kiwandani, injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,618, na nguvu zake hazikufika za farasi 100.

Tulisimama kando ya njia ya mchanga, katika umati wa watu na watoto juu ya miti. Kwanza tuliona wingu la vumbi, kisha tukasikia mlio, na kabla hujavuta pumzi motokaa imekwisha pita. Hizo nazo injini zake ni za sentimita za ujazo 1,600 tu, lakini kwa tabo hutoa nguvu za farasi zaidi ya 300. Jambo lililomshangaza mpwa wangu ni hili: wasimamizi wa mashindano, wakitaka kuzuia nguvu zisizidi, hawapimi petroli. Huweka kitundu chembamba, ambacho mwaka 2023 kilikuwa na upana wa milimita 36, mahali hewa inapoingilia kwenye tabo, na injini yote lazima ivute pumzi kwa tundu hilo. "Mzee alisema kweli," akaniambia. "Ni hewa." Na jioni, mafundi walipozipokea motokaa zile, tuliona wakihangaika na springi, magurudumu na breki, kwa dakika chache walizopewa, kama wauguzi wanaohudumia majeruhi.

Tuliporudi Nairobi mzee alikuwa amesaga valvu, amebadili gasketi ya hedi, kichujio na plagi. Akaongeza pedi mpya za breki na mipira ya rejeta bila kuulizwa, akaonyesha zile za zamani zilivyokwisha. Ng'ombe mmoja tu ndiye aliyeuzwa kulipia kazi hiyo. Wa pili alibaki zizini, na mwaka uliofuata alizaa.

Ninyi wenye motokaa za abiria, msidhani nakataza maarifa. Nasema tu, kabla ya kununua nguvu, mpeni fundi mwaminifu apime iliyopo, na mwulizeni habari za breki kabla ya habari za mbio.

Siku ya kwanza ya kazi nilipanda nami toka Moshi, tukiwa watu watano na mzigo wa mchele juu. Tulipofika mlima ule mkali, mpwa wangu alitia gia ya pili, wala hakusema neno. Hakushuka mtu. Mama mmoja aliyekuwa nyuma na kapu lake, ambaye mara nyingi alikuwa akitembezwa pale, akauliza, "Leo motokaa hii umeilisha nini?"

"Hewa, mama," akajibu mpwa wangu, na macho yake yako barabarani.