Macho Mazima, Upande Haupo

Macho yangu ni mazima. Nalitanguliza hili kwa sababu hata leo, miaka kadhaa baada ya kupasuliwa kichwa, watu wanaonipenda bado huniuliza ni jicho gani lililoharibika. Hakuna. La kulia linaona, la kushoto linaona, na daktari akiyamulika hakuti doa. Nilichopoteza ni upande. Kitu kikiwa kulia kwangu, hasa kuanzia usawa wa pua kwenda chini, sikioni, nikitazama kwa jicho la kulia, la kushoto au yote mawili.

Ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mzaliwa wa Tanga, na kama wanawake wengi wa mji wetu nilikuwa mtu wa baiskeli. Baiskeli ndiyo iliyotangulia kunishtaki. Mitaa ya Ngamiani, ile inayoitwa kwa namba, naijua tangu nasoma chuoni, lakini nikaanza kuparuza mikokoteni iliyoegeshwa na kugusa watu kwa usukani, na kila mara ni upande uleule wa kulia. Kichwa nacho kiliuma alfajiri, kikatulia jua likipanda. Nikapimwa malaria, nikapimwa presha, vyote safi. Nikaenda duka la miwani, nikauziwa miwani. Kichwa kikazidi, nikarudi, nikabadilishiwa lenzi.

Pale dukani hakuna aliyeniuliza kama kuna upande nisiouona. Niliwekwa mbele ya herufi za ukutani, nikazisoma mpaka za chini kabisa, nikaambiwa tatizo ni dogo. Mwenye shida kama yangu akituliza shingo anaweza kuzisoma zote. Ukali wa macho ni kitu kimoja, upana wa yanachokiona ni kitu kingine, na duka lile lilipima cha kwanza tu.

Aliyeligundua ni daktari kijana wa macho. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu goti kwa goti, akaniambia nifunike jicho la kushoto na nimtazame puani bila kuhama. Akainua vidole huku na huku, nimtajie idadi. Kisha nikafunika la kulia, tukarudia. Vidole vya upande wa kulia sikuviona kwa jicho lolote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, hili si la macho. Twende tukapige picha ya kichwa." Kipimo chenyewe kilikula dakika chache na vidole vyake kumi.

Alinichorea kwenye karatasi jinsi mambo yalivyo, na mchoro ule ninao. Mishipa ya macho mawili hukutana katikati ya kichwa na nyuzi zake baadhi hupishana. Baada ya hapo, yote yaliyoko kulia kwako, yaliyoonwa na macho yote mawili, hupelekwa nyuma ya ubongo upande wa kushoto, karibu na kisogo. Ya kushoto hupelekwa nyuma kulia. Huko kisogoni ndiko picha inakofanywa kuwa picha. Kukitokea jambo huko, jicho hubaki na uzima wake na mtu akapoteza upande.

Langu lilikuwa uvimbe uitwao meninjioma, unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, mara nyingi si saratani, na hukua polepole mno. Ubaya wake ni nafasi. Fuvu halitanuki, kwa hiyo kinachoota ndani lazima kimkandamize jirani yake, na jirani wa uvimbe wangu alikuwa ni kule kunakoona.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam. Kabla sijatia saini fomu ya ridhaa, daktari bingwa alikaa kitandani kwangu na kuniambia maneno ninayoyashika mpaka leo: "Mwalimu, uvimbe tutautoa. Upande wa kulia siwezi kukuahidi. Unaweza kurudi, unaweza kubaki ulivyo, unaweza kupungua zaidi." Mume wangu alikasirika, akaona tumevunjwa moyo. Mimi nilishukuru. Baada ya Mungu, namshukuru zaidi mtu aliyekataa kunidanganya, kwa sababu nilipozinduka nilijua ninachokutana nacho.

Na nilikutana nacho. Sauti ya muuguzi ilinijia kutoka pasipo na mtu: "Mwalimu, unaniona?" Nilimsikia pumzi, nikahisi mkono wake begani, yeye mwenyewe sikumwona mpaka nilipogeuza shingo yote. Hali ilikuwa mbaya kuliko nilivyoingia, maana ubongo nao huvimba ukishaguswa. Nikapewa dawa za kupunguza huo uvimbe, zikanitia njaa ya ajabu na uso ukafura, na dawa za kuzuia kifafa. Katika miezi ya mwanzo sehemu ya juu ikarudi kidogo kidogo. Siku moja niliona feni ya darini yote, pangaboi zima, nikalia. Sehemu ya chini haikurudi, na daktari akanieleza kwamba nafuu nyingi ya namna hii huja mapema, kinachobaki baada ya hapo hubaki.

Watu hudhani naona giza. Hakuna giza. Huko hakuna kitu chochote, kama vile wewe usivyoona kilichoko kisogoni kwako na wala hukioni kuwa cheusi. Hii ndiyo hatari yake, kwa sababu pengo lisiloonekana halikukumbushi kwamba lipo. Kikombe cha chai kikiwekwa kulia kwangu nakipiga kumbo nikidhani meza ni tupu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulificha mpaka wanazikwa nalo. Wiki za mwanzo, upande ule usioona ulianza kujaa vitu. Nakshi kama za mkeka, zikitambaa. Kisha watoto, wamesimama kimya, wamevaa vizuri, hawanisemeshi. Nilijua hawapo. Shangazi yangu aliposikia akasema, "Mwanangu, hao si bure," akataka nisomewe. Nilisomewa, na dua sikuikataa wala sitaikataa. Lakini nilimweleza na daktari pia, naye hakushtuka hata kidogo. Sehemu ya ubongo iliyozoea kupokea picha, ikikosa picha hutunga zake. Jambo hili liliandikwa tangu mwaka 1760 na Charles Bonnet, mwanazuoni wa Geneva, kutokana na yaliyompata babu yake, mzee aliyekuwa na mtoto wa jicho na mwenye akili zake timamu. Mpaka leo hali hiyo huitwa kwa jina la Bonnet. Daktari aliniuliza kwa makini kama naona miduara ya rangi inayomweka, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa na hutibiwa vingine. Sikuwa nayo. Watoto wale walipungua, kisha wakaacha kuja.

Niliumia zaidi kwa salamu. Kwetu mtu akikupa salamu usipoitika, umemtukana. Wanafunzi walikuwa wakipita kulia kwangu, wakiinamisha kichwa tu kwa adabu, nami napita. Majirani waliniona nimeanza kuringa tangu nitoke Dar. Mwisho nilisimama kwenye shughuli ya arusi, wanawake wote wapo, nikawaambia wazi: upande huu sioni, aliye kulia kwangu anitajie jina langu kwanza. Tangu siku hiyo natajwa mtaa mzima.

Mazoezi niliyofundishwa yalikuwa ya kupeleka macho. Upande uliopotea hauzibiki kwa mazoezi, hilo niliambiwa waziwazi, lakini macho yanaweza kufunzwa kuufuata. Kabla ya jambo lolote nayarusha mbali kulia, mbali kupita ninavyodhani inatosha, kisha nayarudisha. Mama yangu akaja na zoezi lake: kuchambua mchele. Ananiwekea sinia mapajani, niutandaze, nianze ukingo wa kulia kila mstari. Mwanzoni pilau ilinisuta, kila chuya na kijiwe kilichobaki kilitoka robo ileile ya sinia. Siku hizi hakibaki kitu. Kingo za meza na miimo ya milango nimezibandika utepe mwekundu, na mume wangu tukitoka hutembea kulia kwangu. Baiskeli nimempa binti yangu. Barabara ndiyo ngumu, kwa kuwa nchini mwetu magari hupita kushoto, na mtu akitaka kuvuka, gari la kwanza kumfikia linatoka kulia. Nageuza shingo mpaka kidevu kiguse bega, halafu narudia, na bodaboda akinipigia kelele namwacha apige.

Kusoma kuliniogopesha, maana ndiyo kazi yangu. Kwenye maandishi yetu jicho hutangulia kulia kidogo ili lijue neno linaishia wapi, na mimi huko mbele ndiko nisikoona. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Nikianza "wata" sikujua kama watakubali, watakataa au watafika. Asubuhi moja faraja ilinijia kutoka kwenye msahafu. Mstari wake huanzia kulia na kwenda kushoto, yaani unaelekea upande wangu mzima. Nikiweka kidole mwanzoni mwa mstari, aya inafunguka mbele yangu nikaisoma kwa mwendo wangu wa zamani. Nilisoma asubuhi ile mpaka sauti ikakauka. Kwa magazeti na madaftari, mfanyakazi wa tiba kwa vitendo alinifundisha kulaza karatasi ubavu, mistari isimame kutoka juu kwenda chini. Ni polepole, lakini nilisahihisha mtihani wa muhula hivyo, na hakuna mwanafunzi aliyepunjwa. Darasani sisimami tena katikati. Nasimama kwenye kona, ukuta uko kulia kwangu na wanafunzi wote wako kushoto, na wanajua kwamba mwalimu anawaona mpaka wa mwisho.

Kila mwaka napigwa picha ya kichwa, kwa sababu uvimbe wa aina hii unaweza kurudi. Mpaka ya mwisho, hakuna kilichorudi.

Kwako unayesoma, au unayemsomea mzazi wako: ukianza kugonga miimo ya milango, kuruka mwanzo au mwisho wa mistari, kumwaga vitu vya upande mmoja, funika jicho moja utazame mbele, kisha funika jingine. Ikiwa upande unaokosekana ni uleule kwa macho yote mawili, tatizo liko nyuma ya macho. Likikuzukia ghafla, nenda hospitali papo hapo, maana hata kiharusi huja hivyo. Likija taratibu, mwambie daktari kwa maneno haya: nipime uwanja wa kuona. Fanya hivyo kabla hujanunua miwani nyingine.