Majaribio na Majaribu

Katika Kiswahili, majaribio na majaribu ni maneno ya mzizi mmoja. Majaribio ni kazi ya kukipima kitu ili kijulikane kama kinafaa. Majaribu ni yale yanayoupima moyo wa mtu, kama Ayubu alivyopimwa. Sisi vijana wa Kolwezi, ambao baadhi yetu tunajifunza kuandika programu za kompyuta, tumeona kwamba maneno haya mawili hukutana katika kazi moja, yaani kazi ya kuijaribu programu kabla haijakabidhiwa kwa watu.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mchimbaji mdogo analeta depo mfuko wa mawe. Malipo yake hutegemea uzito wa mfuko na kiwango cha shaba au kobalti kilichomo. Zamani hesabu hiyo ilifanywa kwa kalamu. Leo yaweza kufanywa na programu ndogo ndani ya simu. Aliyeiandika programu huiendesha mara moja kwa kilo 50, huona jibu sahihi, na huridhika. Lakini mjaribu mwema huanzia hapo. Huuliza: uzito ukiwa sifuri, programu itasema nini? Mtu akiandika herufi mahali pa tarakimu? Umeme ukikatika malipo yakiwa bado yanahifadhiwa, je, yatapotea, au yatahesabiwa mara mbili?

Lipo pia jambo dogo linalotuhusu sisi tuliosoma kwa Kifaransa. Shuleni tulifundishwa kuandika 2,5 kwa koma, lakini lugha nyingi za kompyuta hungojea nukta. Programu moja itaikataa namba hiyo. Nyingine itaishia kwenye koma na kusoma 2. Nyingine itaiondoa koma na kusoma 25. Kiwango cha asilimia 2,5 kikisomwa 2, mchimbaji amepoteza sehemu moja ya tano ya kiwango chake, wala hakuna aliyekusudia kumwibia.

Kwa sababu hiyo wataalamu hujaribu kwa hatua. Kwanza hupima kila kipande cha programu peke yake. Kisha huviunganisha vipande na kutazama kama vinaelewana. Mwishowe huiweka programu nzima mbele ya wale watakaoitumia. Na kila hitilafu inaporekebishwa, majaribio ya awali hurudiwa yote, kwa maana kiraka kipya chaweza kupasua mahali pengine. Tena inafaa ajaribuye asiwe yule yule aliyeandika, kwa kuwa mwandishi hupita njia anayoijua, wala hatazami shimo alilolizoea.

Swali la nani ashike kipimo si geni kwetu. Mwezi Januari 2016 mashirika ya Amnesty International na Afrewatch yalitoa ripoti kuhusu kobalti ya Kongo. Humo ilielezwa kwamba wachimbaji hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakiki uzito na kiwango walichoambiwa na wanunuzi. Karne nyingi kabla yao, nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliodanganya maskini kwa mizani. Programu nayo ni mizani, ila mikono yake haionekani.

Kuupuuza upimaji kumewahi kuua. Kati ya 1985 na 1987, nchini Marekani na Kanada, mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita mionzi iliyozidi mno, na baadhi yao walifariki. Vizuizi vya chuma vilivyokuwamo katika mashine za awali vilikuwa vimeondolewa, na usalama ukaachiwa programu. Hitilafu mojawapo ilijitokeza pale tu mhudumu aliporekebisha maandishi yake upesi. Wagonjwa walilalamika kwamba wameungua. Waliotengeneza mashine hawakusadiki mwanzoni kwamba mashine yao yaweza kufanya hivyo.

Mtaalamu Mholanzi Edsger Dijkstra alifundisha kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwa hitilafu ipo, lakini hayawezi kamwe kuthibitisha kuwa haipo. Kwa hiyo mjaribu mwaminifu hasemi, «Programu hii ni safi.» Husema, «Nimejaribu haya. Yale bado sijayajaribu.» Huo ni unyenyekevu, nao ni sehemu ya ukweli.

Hapo ndipo majaribu yanapoingia. Siku ya kukabidhi kazi imefika, mteja anangoja, fedha zimekwisha kuahidiwa, na mjaribu ameona hitilafu. Anaambiwa, «Nyamaza kidogo, tutarekebisha baadaye.» Je, atatia sahihi?

Kanisa la Kongo limepewa kijana aliyelijibu swali la namna hiyo kwa damu yake. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akawa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei kama sisi. Alifanya kazi katika Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo, akipima ubora wa bidhaa zilizovuka mpaka. Alipewa rushwa ili apitishe chakula kilichoharibika, naye akakataa, kwa kuwa kingeliwa na watu. Mwezi Julai 2007 alitekwa na kuuawa akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta, mjini Roma, alitangazwa Mwenyeheri.

Hakuwajua wale ambao wangekula chakula kile, lakini aliwahesabu kuwa jirani zake. Kupima kitu kwa haki ni kusimama upande wa mtu ambaye hayupo chumbani, na ambaye ndiye atakayeumia sisi tukinyamaza.

Katika mkutano ujao, tuulizane: ni kipimo gani kimewekwa mikononi mwetu, kiwe mizani ya soko, daftari la michango ya jumuiya, au programu ya simu? Ni nani ataumia kikikosea? Naye amepewa nafasi ya kukihakiki? Kisha tuchague kimoja, tukijaribu pamoja naye, na tuandike wazi tulichokiona.

Mwenyeheri Floribert, utuombee.