Choo Kikijaa, Usisubiri Mvua

Wadau, kuna mambo sisi waandishi huwa hatuyaandiki kwa sababu yananuka. Leo nayaandika hivyo hivyo.

Wiki iliyopita choo cha nyumba tuliyopanga hapa Dodoma kilifurika. Unamwaga ndoo moja, zinarudi mbili! Tuko kaya nne, choo kimoja. Mpangaji mwenzangu akaja na waya wa kuzibulia. Nikashauri tufunue chemba kwanza. Kama chemba imejaa lakini shimo lina nafasi, basi bomba limeziba na waya utasaidia. Kama shimo lenyewe limejaa, hata uzibue mpaka asubuhi unajichosha bure. Tukafunua. Shimo pomoni.

Mama mwenye nyumba akatutuliza: "Wanangu, msiwe na haraka. Mvua ikinyesha tutatapisha."

Kutapisha, kwa asiyejua, ni kutoboa shimo wakati mvua inanyesha ili uchafu uondoke na maji. Na kweli unaondoka. Unapita kwa jirani, unapita wanapocheza watoto, unaishia korongoni. Tukumbuke kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa karibu Tanzania Bara yote. Ugonjwa ule husafiri kwa njia hiyo hiyo: kinyesi, maji, mdomo.

Nikamwambia, "Samahani mama, watakaokanyaga ni wajukuu zako." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza gari la kunyonya ni shilingi ngapi. Tukachanga nusu, yeye akamalizia. Kesho yake gari likaja.

Lakini tusimlaumu mama huyu peke yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika mji huu. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Katikati hapo, mwaka 2016, serikali ilianza kuhamia. Vyumba vya kupanga vinaota kama uyoga, na nyumba nyingi hazina bomba la majitaka, zinategemea shimo. Shimo lililochimbwa kwa familia moja leo linabeba nne.

Tunapotafuta chumba tunamuuliza dalali habari za luku, maji na geti. Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, ongeza swali moja: shimo lilinyonywa lini mara ya mwisho, na uchafu ulikwenda wapi?

Akianza kucheka, tafuta chumba kingine.

Nawasilisha.