NGOZI NAYO INA HAKI YAKE

Wasomaji watukufu, na hasa nyinyi akina mama, leo nataka kuandika juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo. Nalo ni utunzaji wa ngozi ya uso iliyokauka na kuchoka, kwa mwanamke aliyeingia katika miaka ya thelathini. Mimi mwenyewe nalikuwa miongoni mwa waliolidharau. Kwa dharau hiyo nalimwacha mtu aliyenijia kuomba msaada akaenda kudhurika. Na kwa kuwa nalimkosea mmoja, naona ni wajibu wangu kuwaonya wengi. Mwenyewe ameniruhusu kuyasimulia haya bila ya kulitaja jina lake.

Ninafundisha chuo cha Kurani huko Ngamiani, mjini Tanga. Watoto kila siku, na wanawake wazima siku ya Alhamisi baada ya sala ya Alasiri. Mmoja wa wanawake hao alisoma kwangu tangu utoto, akahitimu, akaolewa, akazaa watoto wanne. Kazi yake ni kukaanga maandazi na mihogo. Huamka saa 10 usiku akawasha moto, akainama juu ya karai hata jua lichomoze, kisha akakaa kibarazani kuuza mpaka saa 4 asubuhi. Mwezi wa Februari mwaka 2021, katika joto la kaskazi, naye akiwa na umri wa miaka 34, alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akaniamkia mara ya pili, "Shikamoo, mwalimu," nami nikajua kwamba ana neno.

Akasema, "Mwalimu, uso wangu umekuwa mkavu kama gome la mti. Nikicheka ngozi huvuta, na pembeni mwa mdomo hupasuka. Wifi zangu wanasema nimempita mama yangu kwa uzee. Je, kuna mafuta unayoyajua yatakayonifaa?"

Nami nalimjibu kwa hotuba. Nalimwambia kwamba uzuri ni wa moyo, na kwamba nuru ya uso hutafutwa kwa sala za usiku, na kwamba mwanamke mwenye watoto wanne heri afikiri habari za kaburi lake kuliko habari za mashavu yake. Maneno hayo hayakuwa uongo, lakini hayakuwa jawabu la alichoniuliza. Akanibusu mkono, akaenda zake.

Baada ya miezi mitano hivi akaanza kuja chuoni amevaa nikabu, ambayo hakuwa akiivaa hapo kwanza. Furaha yangu ilikuwa kubwa. Nalimsimamisha mbele ya darasa nikamsifu, nikasema kwamba huyu amefahamu masomo, na wenzake na wamwige. Yeye akainamisha kichwa tu. Alhamisi iliyofuata nalisahau miwani yangu penye birika la kutawadhia, nikarudi kuichukua, nikamkuta peke yake amefunua uso. Mashavu yalikuwa mekundu kama yaliyomwagikiwa maji ya moto, na mishipa midogo ikionekana ndani yake. Na chini ya macho palikuwa na mabaka meusi yenye kupiga ubuluu. Kumbe hakujifunika kwa sababu niliyomsifia, bali alikuwa akificha majeraha.

Alinieleza kwamba alikwenda dukani, akakorogewa krimu za namna tatu katika kopo lisilo na maandishi, ndio huo mkorogo unaojulikana. Majuma mawili ya kwanza uso ukawa laini na mweupe, na wale wifi wakamsifu. Kisha jua likaanza kumchoma. Akiacha kupaka, uso huvimba na kuwasha. Basi hurejea kupaka ili apate nafuu. Nikamwuliza kwa ukali, "Mbona hukuniambia mapema?" Akanitazama akasema, "Nilikwambia, mwalimu."

Sikuwa na la kujibu. Kesho yake tulifuatana hospitali, na akatuona daktari wa ngozi aliyesomea Moshi, katika chuo cha kanda kilichoanzishwa mwaka 1992 penye hospitali ya KCMC. Alitueleza kwamba mikorogo ya namna hii huwa na sumu tatu, ama moja yake ama zote pamoja. Ya kwanza ni zebaki, ambayo hupenya ngozi ikaingia katika damu, ikadhuru figo, na kwa mwanamke mwenye mimba ikamfikia mtoto tumboni. Ya pili ni haidrokwinoni, ambayo kwanza huondoa weusi, na ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi ya kibuluu yasiyotoka kwa urahisi. Ya tatu ni dawa za jamii ya steroidi, ambazo ni dawa za kweli zikitolewa na tabibu kwa kipimo, lakini zikipakwa usoni kila siku huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, hata kidonda kikachelewa kupona. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi na sheria za Tanzania. Na katika Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, mataifa yalikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viwe vimeondolewa kufikia mwaka 2025. Lakini kopo lisilo na maandishi halijui sheria wala mkataba.

Alipimwa damu na mkojo, na figo zake, Alhamdulillahi, zikaonekana salama. Akapewa utaratibu wa kuiacha ile dawa. Na hapa namwusia aliyekwisha kuzoea mkorogo: asikae ndani kwa aibu, wala asihangaike peke yake, bali aende kwa daktari, kwani hata kuacha kunataka uangalizi.

Sasa turudi kwenye swali lake la kwanza, lile nililolikimbia. Ngozi ya juu ni mfano wa ukuta wa nyumba zetu za zamani za pwani: ina mawe, na kati ya mawe mna chokaa. Chokaa ya ngozi ni mafuta yake yenyewe, nayo huzuia maji ya mwilini yasitoke. Umri unaposonga ngozi huchelewa kujijenga upya, na mafuta yake hupungua kidogo kidogo. Sabuni kali nayo huyayeyusha, na maji ya moto, moto wa jiko, jua na upepo huzidisha. Chokaa ikibomoka, maji hutoka na uso huvuta na kupasuka. Basi mwenye uso mkavu hahitaji kubadilishwa rangi. Anahitaji mambo mawili tu: asibomoe zaidi, na atie chokaa kila siku.

Utaratibu tulioufuata ni huu, nami naueleza kwa urefu ili anayetaka aufuate.

Alfajiri, anapotawadha, uso usiguswe na sabuni. Maji matupu yatosha. Maji yamiminwe kwa upole, na uso usisuguliwe kwa taulo kavu, bali ugongwegongwe kwa kitambaa laini na kuachwa na unyevu kidogo. Kabla unyevu huo haujakauka, yaani katika dakika mbili tatu, apake mafuta. Hii ndiyo siri ambayo mabibi zetu waliijua bila ya kuisoma, kwani walitupaka mafuta ya nazi mara tutokapo kuoga, mwili ungali na maji. Mafuta hayaongezi maji katika ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yaliyomo. Ukipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, umefunga mlango wa nyumba tupu.

Ni mafuta gani? Ya nazi yaliyo safi ni mema kwa wengi, ila mwenye chunusi asiyapake usoni, maana huziba vinyweleo. Vaseline isiyo na manukato ni rahisi na hushinda mafuta mengi kwa kuzuia maji yasitoke. Gliserini nayo ni njema, lakini sharti ichanganywe na maji, kisha ipakwe mafuta juu yake. Marashi, ndimu, dawa ya meno na manjano yenye kuwasha visikaribie uso uliochubuka. Hata singo yetu, ambayo ni fahari ya maarusi wa pwani, isisuguliwe juu ya uso wa namna hiyo.

Mchana ajikinge na jua. Ukingo wa mtandio usogezwe mbele, kiti cha kuuzia kiwekwe kivulini, na mwenye uwezo apake mafuta ya kuzuia jua yenye namba 30 au zaidi. Katika sala nne zilizobaki, kila baada ya udhu apake tone dogo tu. Yule mwanangu hubeba kichupa katika mkoba wake.

Usiku, baada ya moshi na vumbi la siku nzima, aoshe uso mara moja kwa sabuni ya upole, isiwe ile ya mche tunayofulia nguo, wala maji yasiwe ya moto. Kisha apake mafuta mengi kuliko ya mchana, alale. Kitu kipya chochote kijaribiwe kwanza ndani ya mkono kwa siku kadhaa, na kisiongezwe kingine mpaka cha kwanza kijulikane. Tena pasiwe na haraka, kwani ngozi huchukua karibu mwezi mmoja kujibadili, na zaidi umri ukisonga. Dawa inayokupa uso mpya kwa siku saba yafaa uiogope.

Na uchovu wa uso si wa ngozi peke yake. Mwanamke azaaye mfululizo huweza kupungukiwa na damu, uso ukapauka. Na ukavu wa ngozi pamoja na uchovu usiokwisha na kunenepa bila sababu huweza kuwa dalili ya upungufu katika tezi ya shingoni. Hayo hayatibiwi kwa mafuta. Hupimwa hospitali.

Wapo watakaouliza juu ya udhu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kinachozuia udhu ni kitu chenye kiwiliwili juu ya ngozi kinachozuia maji yasiifikie, kama nta. Ama athari ya mafuta, ambayo maji hupita juu yake na kugusa ngozi, haizuii. Vaseline nzito yafaa kupanguswa kwanza. Na kupaka mafuta juu ya ngozi hakufunguzi saumu.

Kisha nina neno kwa waume. Vitabu vya fikihi vya madhehebu hayo hayo vinahesabu mafuta, kitana na vitu vya kujisafishia katika matumizi ya mke yanayomlazimu mumewe. Mlango huo nimeufundisha miaka mingi. Aliponijia mwanamke mwenye uso uliopasuka, jawabu lake lilikuwa katika kitabu kilichokuwa juu ya meza yangu, nami nikamtolea hotuba ya kaburi! Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, nami nalimwonesha mwenye haki kama kwamba ni mtaka makuu. Kubadili umbo aliloliumba Mwenyezi Mungu kwa sumu ni jambo moja, na kulitunza umbo hilo ni jambo lingine. Tusipoutenganisha mstari huu kwa uwazi, vijana wetu watadhani yote mawili ni haramu, na wakikata tamaa na mwalimu watakwenda kwa mwenye kopo. Yeye hawakemei hata siku moja.

Yapata miaka kadhaa sasa. Wekundu ule umekwisha, na ngozi yake haipasuki tena. Lakini baka moja chini ya jicho la kushoto limebaki, na daktari amesema huenda lisitoke. Wala sikumwuliza tena habari za nikabu. Siku anayovaa huvaa kwa hiari yake, na siku asiyovaa hukaa mstari wa mbele amefunua uso, nami nikisomesha huliona lile baka, nikajikumbusha.

Nalisimama mbele ya darasa lile lile nikawaambia kwamba sifa niliyoitoa siku ile nalikosea, na kwamba kosa lilikuwa langu. Wakubwa walinyamaza, na mmoja akauliza, "Basi mwalimu, mafuta yenyewe ni yapi?" Kumbe swali lilikuwa la wengi. Tangu siku hiyo, tunapofika katika mlango wa tohara, baada ya kueleza maji hueleza na mafuta. Na pale penye birika pana chupa ya mafuta ya nazi, anayemaliza kutawadha hujipaka.

Walimu wenzangu, wazazi, na waume: mtu akija na swali dogo, msilipime udogo wake. Litazameni kwanza lililomleta. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakosea kwa kujidhania kuwa tunajua, na awaponye wote waliodhurika. Amin. Wabillahi tawfiki.