Kuwangoja Wanyama Wasemao

Kungoja ni kazi ambayo watoto huifanya kwa bidii kuliko wazee. Mtu mzima angojapo kitu huchanganya kungoja kwake na shughuli nyingine. Mtoto hungoja kwa mwili mzima. Niliyaona haya mwezi wa Novemba 2024, nilipokuwa likizoni nyumbani kwetu Bombambili, Songea, katika siku zile ambazo kila mwenye shamba huamka akatazama vilima vya Matogoro, apate kujua kama mvua i karibu. Mpwa wangu, mtoto wa miaka saba, hakutazama Matogoro. Alitazama simu yangu.

Ndani ya simu ile mlikuwa na kionjo cha filamu ya Mufasa, iliyokuwa ikitazamiwa kutoka Marekani tarehe 20 Desemba mwaka ule. Wanyama wake walitengenezwa kwa kompyuta kwa ustadi mkubwa, hata manyoya ya simba yalipeperuka kama nyasi za kiangazi. Mtoto alihesabu siku zilizosalia kwa kuchora mistari ya mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilimwonya kwamba Desemba 20 ya Dar es Salaam si Desemba 20 ya Songea, kwa kuwa kati yetu na majumba makubwa ya sinema pana safari ya basi ya kutwa nzima, na filamu za namna ile hutufikia baadaye, kwa mlango wa nyuma. Hakunisikia.

Siku moja aliniuliza, "Mjomba, simba hawa watasema lugha gani?"

"Kiingereza," nikajibu.

"Mbona wanaitwa Simba, na Rafiki, na Taka?"

Nilinyamaza, maana swali lake lilikuwa kubwa kuliko umri wake. Tangu filamu ya kwanza ya simba hao ilipotoka mwaka 1994, majina yao mengi yamechukuliwa katika Kiswahili. Hata nchi ya raha ambayo Mufasa anaitafuta inaitwa Milele. Maneno "hakuna matata" yalisajiliwa huko Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya kampuni ya Disney kwa fulana. Wanyama hao wameazima majina yetu wakaacha sentensi zetu, kama mgeni avaaye kanzu asijue salamu ya wenye kanzu.

Wala jambo hili si la simba peke yao. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, wilaya ya mkoa huu huu wa Ruvuma, akaanza kuchora wanyama Dar es Salaam mwaka 1968, na akafariki mwaka 1972. Rangi zake na macho makubwa ya wanyama wake yalizaa mfululizo wa katuni uliotengenezwa Nairobi. Tembo na kobe wa namna yake walipoanza kuonekana katika televisheni ya Uingereza mwaka 2010, walifumbua vinywa wakasema Kiingereza.

Walakini haki ni haki. Sisi nasi hatukulala. Katika vibanda vyetu vya video, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili hata watazamaji wakamfuata yeye kuliko waigizaji. Tangu mwaka 2014 katuni za Ubongo, zitengenezwazo Dar es Salaam, zimewafunza watoto hesabu kwa Kiswahili. Mpwa wangu amekua nazo. Kwake yeye mnyama aweza kusema Kiingereza, na aweza kusema Kiswahili.

Mama yangu alikuwa kibarazani akipukuchua mahindi. Alitusikia, akasema bila kuinua macho, "Wa kwangu husema Kingoni."

Mtoto alicheka sana. "Bibi, simba hawezi kusema Kingoni!"

Mama naye alicheka, lakini mimi kicheko kile kilinichoma. Mtoto huyu aliona ni sawa simba aseme lugha ya watu wa mbali, na ni kichekesho aseme lugha ya bibi yake. Nilitaka kumkemea, nikaikumbuka hatia yangu. Mwaka 2014, nilipokuwa mwanafunzi, nilimwahidi mama kwamba nitaziandika hadithi zake zote. Nilinunua daftari gumu kwa kazi hiyo. Miaka 10 ilikuwa imepita, na ndani ya daftari mlikuwa na vichwa vitatu vya hadithi, bila hadithi.

Sisi Wangoni hatuna udhuru wa kutojua jinsi lugha inavyopotea. Wazee wetu waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 walisema lugha ya kusini. Walipofika hapa wakaoa na kuchanganyika na wenyeji, watoto wakashika lugha za mama zao, na Kingoni cha leo kimebaki na machache ya kile cha safari. Jina la mji wetu ni la nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Maji Maji. Watu humtaja kila siku, lakini ni wangapi wangeuelewa usemi wake leo?

Usiku ule umeme ulikatika, na simu ikazimika. Mama akamwita mjukuu wake, "Njoo hapa, mume wangu, nikupe fisi." Akaanza hadithi ya fisi aliyefika njia panda, harufu ya nyama ikimvuta huku na huku, asitake kuikosa hata moja. Alianza kwa Kingoni. Alipoona mtoto hafuati, akahamia Kiswahili. Mtoto akasogea mpaka akaegemea magoti yake. Lakini katika hadithi hiyo fisi huimba, na wimbo haukukubali kuhama. Mama aliuimba kwa Kingoni, mstari wa kwanza na wa pili, kisha akanyamaza. Akarudi mwanzo. Akanyamaza mahali pale pale. Mara ya tatu alisema polepole, "Umeniponyoka," akanigeukia mimi kama mtu aliyemwekesha jirani mali yake na sasa anaidai.

Sikuwa nayo.

Likizo ikaisha, nikarudi kazini. Filamu iliwafikia mwezi wa Februari 2025, na mtoto akanipigia simu siku ile ile. Hakunisimulia mapigano wala mafuriko. Alisema kwamba katika filamu ile Rafiki, nyani mzee, anamsimulia mtoto wa simba habari za babu yake, usiku, na nje kuna dhoruba. "Kama bibi," akasema. Halafu akauliza, "Mjomba, ule wimbo wa fisi umeupata?"

Likizo iliyofuata nilikwenda Songea na daftari lile lile. Nimekwisha kuandika hadithi 11, kwa Kingoni upande wa kushoto na kwa Kiswahili upande wa kulia. Mpwa wangu hukaa nasi, na akisikia neno asilolijua huuliza. Hacheki tena. Wimbo wa fisi una mistari minne, na wa nne mama ameukumbuka. Mahali pa mstari wa tatu nimeacha nafasi tupu. Ikiwa miongoni mwa wasomaji yumo aliyelelewa Ungoni, na bibi yake alimjua fisi huyu wa njia panda, namwomba aniletee mstari huo. Mama bado yu hai, na angependa kuusikia.